Umeme Ukikatika, Usishike Mashine

Kwenye mashine za kusaga, kuanzia Likunja hadi Nachingwea mjini, umeme ukikatika msagaji hapumziki. Anaona amepata nafasi. Anafungua kifuniko cha kinu, anaingiza mkono kutoa pumba zilizoganda, anabadilisha chekeche, anakaza mkanda. Wateja wamepanga ndoo zao, mwenye mashine anafurahi kuona kijana hakai bure. Meni swichi hakuna aliyeigusa. Wenzo wake uko juu vilevile kama wakati unga ulipokuwa ukitoka. Kinachomlinda kijana na zile nyundo za kinu ni mtu wa TANESCO aliye kilomita nyingi kutoka hapo, ambaye hajui kwamba kijana huyo yupo.

Umeme haurudi kwa hodi. Mota hufika mwendo wake kamili ndani ya sekunde chache, na mkono ulioingia kwenye kinu hautoki mzima.

Ushauri wa usalama wa umeme kazini kwa kawaida huanza na nyaya zilizochubuka na soketi zilizopasuka. Nyaya nitazifikia. Naanza na kukatika kwa umeme kwa sababu ndiko hatari ya huku kusini ilikojificha. Lindi na Mtwara kwa miaka mingi zimeendeshwa na mitambo ya gesi asilia ya Mtwara, gesi ikitoka Mnazi Bay, na umeme husafiri mbali kwenye njia za volti 33,000 zinazopita mashambani na maporini kabla haujafika Ruangwa, Nachingwea au Liwale. Njia ndefu namna hiyo ina maadui wengi: tawi linaangukia waya, radi inapiga, moto wa kiangazi unalamba shina la nguzo ya mti. Umeme unakatika, na hakuna anayeweza kukuambia utarudi saa nne au saa kumi. Mtu anayefanya kazi kwenye mashine ambayo haikuzimwa anafanya kazi kwenye mashine inayowaka, ila kwa sasa imetulia.

Dawa yake ina hatua tatu, nazo hufuatana: zima, funga, pima.

Kuzima kila mtu anakujua. Umeme ukikatika, kabla ya jambo lolote, wenzo wa meni swichi ushushwe. Kufunga ndiko tunakokuruka. Meni swichi nyingi za bati zina tundu kwenye wenzo, na watu wengi hawajawahi kujiuliza tundu lile ni la nini. Ni la kufuli. Unashusha wenzo, unapitisha kufuli dogo la dukani, unafunga, na ufunguo unakaa mfukoni mwa yule aliyeingiza mkono kwenye mashine. Hauachwi kwa bosi wala hautundikwi kwenye msumari. Wakifanya kazi wawili, yawe makufuli mawili. Pale ambapo hakuna tundu na ni katauti ya zamani, ing'oe katauti yenyewe uitie mfukoni. Kwa breka ndogo za kisasa vipo vibanio vya kuzuia kitufe kisipandishwe. Marekani waliandika kanuni ya kufunga mitambo kwa kufuli mwaka 1989, baada ya wafanyakazi wengi kuuawa na mashine ambazo mwenzao aliziwasha bila kujua kuwa kuna mtu ndani. Kiwanda kikubwa au kibanda cha kusaga, hatari ni ileile. Mwenzako anarudi kutoka msikitini au sokoni, anaona taa ya jirani inawaka, anasema ah, umeme umerudi, anapandisha wenzo. Hana kosa. Hakuna kilichomwambia asipandishe.

Hatua ya tatu ni kupima. Hapa fundi huchomoa bisibisi yake ya testa, anagusisha, taa haiwaki, anaanza kazi. Testa ile ina kazi yake, lakini isiaminiwe peke yake. Taa yake ikiwa imekufa, au fundi amesimama juu ya mbao kavu akiwa na viatu vya mpira, inaweza isiwake hata kama waya una moto. Ijaribu kwanza mahali unapojua umeme upo, kisha pima pale unapotaka kushika, kisha rudi uijaribu tena pale pa kwanza. Kama umeme wote umekatika huna pa kuijaribia, ndiyo maana mita ya kupimia volti ni bora zaidi: unaweza kuijaribu hata kwenye betri ya pikipiki. Pima fezi zote, moja baada ya nyingine. Na mota ya fezi moja ina kapasita, kile kikopo kilichobebwa ubavuni, ambacho hubaki na chaji baada ya umeme kuondoka. Ukikishika miguu yake kwa vidole utajua kuwa kipo.

Kuna kifaa kimoja ambacho ningemshauri mwenye mashine akinunue kabla hata ya kupaka rangi kibanda chake: swichi ya kuwashia yenye kontakta, ile ya kitufe cha kijani na chekundu. Wenzo wa kawaida hubaki ulipowekwa, umeme uwepo usiwepo. Kontakta hushikwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika huachia, na umeme ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze kijani. Ikiwekwa na kinga ya joto, huokoa pia mota yako siku fezi moja ikipotea na mota ikaanza kunguruma bila kuzunguka. Hata hivyo kufuli lazima liwepo. Kontakta humlinda mtu na umeme unaorudi. Haimlindi na mwenzake anayebonyeza.

Tukiwa hapohapo kwenye kukatika kwa umeme, jenereta. Duka la vinywaji, karakana, ghala la chama cha msingi, wote wanayo. Wapo wanaoiunganisha kwa waya wenye plagi pande mbili, upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inapata taa. Watu wa TANESCO wakisikia habari ya waya huo husisimka mwili, na wana haki. Umeme wa jenereta yako ukitoka kupitia mita hufika kwenye transfoma ya kijiji kwa kinyume. Transfoma inayoshusha volti 33,000 kuwa 400 ndiyo hiyohiyo itakayopandisha za kwako kuwa maelfu. Juu ya nguzo kuna kijana amevaa mkanda, anaunganisha waya uliokatwa na mti. Jenereta iunganishwe kwa chenjiova, swichi inayochagua upande mmoja tu: ama TANESCO ama jenereta, kamwe si vyote viwili. Ifungwe na fundi mwenye leseni. Plagi ya pande mbili ikatwe leo.

Sasa tuseme kidogo kuhusu umeme unavyoua, kwa sababu mafunzo mengi hutisha watu bila kuwaeleza. Umeme wa nyumbani na wa vibanda ni volti 230. Mwili wa mtu, ngozi ikiwa na jasho au maji, unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya, unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Mtu huanza kushindwa kuachia waya kwenye miliampea 10 hivi, kwa kuwa misuli ya mkono hukaza kushika badala ya kufungua. Zikifika 50 na kuendelea kupita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kuacha kupiga na kubaki ukitetemeka tu. Taa ndogo ya wati 9 inayowaka kibandani kwako hutumia miliampea zipatazo 39. Umeme unaowasha taa ile unatosha kumgandisha mtu kwenye waya.

Breka yako je? Imeandikwa 32. Hizo ni ampea 32, yaani miliampea 32,000. Mtu atakufa akiwa amepitisha sehemu ndogo sana ya kiasi hicho na breka haitajua kuwa kuna lililotokea. Breka na fyuzi zimewekwa kulinda waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni swichi ya kinga ya uvujaji, ile yenye kitufe kidogo cha herufi T, inayokata umeme mara miliampea 30 zinapopotea njia. Kifaa hicho kifungwe kila mahali pa kazi, na kitufe cha T kibonyezwe kila mwezi. Kisipokata, kibadilishwe. Nimekutana na mafundi waliokitoa kwa sababu "kinakata ovyo". Kilikuwa kinasema kweli. Mashine ilikuwa inavuja.

Kwa nini mashine inayovuja haikati breka hata ikiwa na waya wa erthi? Hapa ardhi yenyewe inaingia kwenye hesabu. Chukua erthi iliyopigiliwa kijuujuu, yenye ukinzani wa omu 50. Fezi ikigusa bodi ya mashine, volti 230 kwa omu 50 ni ampea 4.6. Breka ya 32 inaona mzigo wa kawaida kabisa, haikati, na bodi ya mashine inabaki na moto ikimngoja mtu atakayeiegemea. Ukinzani huo hauko palepale mwaka mzima. Udongo mbichi hupitisha umeme, udongo mkavu hukataa. Fundi akipima erthi mwezi wa Februari, mvua ikinyesha, atapata namba nzuri. Aje Oktoba, wakati jembe linagonga ardhi likaruka, namba itakuwa nyingine.

Na Oktoba ndipo kazi zinapopamba moto. Korosho zinaingia maghalani, vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI vinapima usiku na mchana, wabanguaji wanafunga mashine zao, mashine za kusaga hazilali. Kwa maneno mengine, erthi zetu huwa mbovu zaidi katika wiki zilezile ambazo watu wengi wapya wanashika mashine. Pigilia fimbo ndefu ifike kwenye unyevu, unganisha fimbo mbili tatu zilizoachana badala ya moja, na zipimwe mwishoni mwa kiangazi, zikiwa katika hali yake mbaya. Kinga ya uvujaji hufanya kazi hata kwenye erthi dhaifu, na kwa ardhi yetu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuinunua.

Kuna mtego mwingine ambao hata fundi mzuri huukanyaga, nao ni rangi. Majengo ya zamani yamefungwa kwa mtindo wa Waingereza: nyekundu fezi, nyeusi nyutro, kijani erthi, na kwenye fezi tatu ni nyekundu, njano, bluu. Uingereza wenyewe waliachana nao kati ya 2004 na 2006. Nyaya mpya madukani ni kahawia fezi, bluu nyutro, na fezi tatu ni kahawia, nyeusi, kijivu. Kwa hiyo bluu iliyokuwa fezi ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro ni fezi. Halafu inakuja mashine ya kubangua au ya kukamua mafuta kutoka China, ambako fezi tatu hupakwa njano, kijani na nyekundu. Kijani tupu, ambayo kila fundi wa huku ameifunza mikono yake kuwa ni erthi, humo ndani yaweza kuwa fezi. Akiifunga kwenye bodi, ameitia mashine nzima moto kwa mikono yake, kwa nia njema. Waya usiaminiwe kwa rangi. Upimwe, kisha ubandikwe alama kwenye ncha zake.

Nyaya zenyewe nazo zina habari yake. Roli ya bei ya chini ajabu huwa na shaba pungufu au haina shaba kabisa. Tafuta alama ya TBS, na ukiweza linganisha uzito wa roli mbili kabla hujalipa. Eksitensheni ya kuchajia simu isibebeshwe mashine ya kuchomelea. Ikitumika, ikunjuliwe yote, kwa sababu waya uliobaki umejiviringa hupata joto na kuyeyuka kutoka ndani. Na kwa wale waliounganishiwa umeme wa REA vijijini kwa shilingi 27,000 na kupewa kifaa cha UMETA: kile kimetengenezwa kwa nyumba ndogo, taa kadhaa na soketi. Kibanda cha kuchomelea kinahitaji mfumo wake.

Ruangwa ina madini, na kila madini yana ugomvi wake na umeme. Kinywe kwanza. Wilaya imejaa habari zake siku hizi, miradi ya Lindi Jumbo na Chilalo ikitajwa kila kona, na vijana wengi wanapiga hesabu ya ajira. Wajue jambo moja kabla hawajavaa kofia ngumu: kinywe ndiyo ile nyeusi ya ndani ya penseli, na tofauti na vumbi la unga au la mbao, vumbi lake linapitisha umeme. Likiingia kwenye boksi la swichi hutanda kati ya fezi na fezi mpaka linatengeneza njia, kisha siku moja boksi linalipuka usoni mwa aliyelifungua. Kwa hiyo mlango wa boksi usiachwe wazi "lipate hewa", matundu ya kupitishia nyaya yazibwe, na boksi liwe la aina isiyoingiza vumbi. Vumbi lisipulizwe kwa hewa ya kompresa, maana unalisukuma ndani zaidi. Linavutwa kwa mashine ya kufyonza, mtambo ukiwa umezimwa, umefungwa kufuli na umepimwa. Mwajiri anayekuajiri kwenye kinywe bila kukueleza hili bado hajakufundisha kazi.

Namungo je? Wapenda soka nchi nzima wanalijua jina hilo kwa ajili ya timu. Sisi tunalijua kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kwenye mashimo adui ni maji. Pampu imeteremshwa kwa waya wake wenyewe, waya umeungwa na kufungwa kwa soletepu na mfuko wa nailoni, maunganio yako ndani ya tope, na mchimbaji amesimama humo bila viatu. Pampu iteremshwe kwa kamba, waya uwe mzima kutoka juu hadi chini, kinga ya uvujaji iwe juu ya shimo, na pampu izimwe kabla mtu hajashuka majini. Taa za chini ziwe za betri kichwani. Na jenereta lisishushwe shimoni kwa kisingizio chochote. Moshi wake huua kabla ya umeme wake.

Wachomeleaji nao wasikie. Mashine nyingi za kuchomelea zilizosukwa hapa nchini ni transfoma: upande mmoja unapokea volti 230 au 400, mwingine unatoa 50 hadi 80 hivi. Kinachotenganisha pande hizo ni karatasi, vanishi na mafuta. Siku kitenganishi kikiungua, mkono wa kushikia fimbo unabeba volti zote za TANESCO, na mchomeleaji wa Novemba amelowa jasho kifua kizima. Mashine ipimwe kabla ya msimu. Kibanio cha kurudisha umeme kibane kwenye chuma kinachochomelewa, kisibane kwenye nguzo ya kibanda.

Ya juu nayo: ngazi ya alumini, bomba, upondo wa kuangulia embe, nondo ya mita kumi na mbili inayogeuzwa barabarani. Waya wa volti 33,000 hauhitaji kuguswa, unaruka ukikaribiwa. Kabla ya kuinua chochote kirefu, tazama juu. Lori likishusha nondo chini ya njia ya umeme, lisogezwe kwanza.

Nimesema mengi ya vifaa. Vifaa havijifungi vyenyewe, na hapa ndipo suala la mafunzo linapoingia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtwika mwajiri wajibu wa kuwapa wafanyakazi maelezo na mafunzo yanayohitajika. Ufungaji wa umeme wenyewe unahitaji fundi mwenye leseni ya EWURA, na leseni hizo ni za madaraja: anayeruhusiwa kufunga taa za nyumba si lazima awe anaruhusiwa kufunga mota ya fezi tatu. Mwombe akuonyeshe leseni, usione haya. Unayemwamini kwa kazi lakini hana karatasi, mpeleke VETA. Wana vyuo Lindi na Ruangwa, na wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani, ambapo fundi wa siku nyingi hupimwa, huongezewa alichokosa, kisha hupewa cheti. Fundi mzuri hukuta kwamba alichokosa ni hichohicho cha kufunga na kupima.

Lakini msagaji, mbanguaji na mpakiaji wa magunia hawahitaji kuwa mafundi umeme. Wanahitaji kujua mambo machache kwa mikono: kuzima na kufunga mashine yao, kutambua dalili za hatari, kutogusa boksi, na kumwokoa mwenzao. Dalili ni hizi: bodi inayowasha vidole ukiigusa, harufu ya plastiki inayoungua, plagi ya moto, mota inayonguruma. Ile ya kwanza ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Utasikia mtu anajisifu, "hii inanipigaga kila siku, nishazoea." Hakuna anayezoea. Siku zote hizo alikuwa amevaa kandambili kavu.

Mafunzo ya aina hii hayafanywi kwa kukusanya watu, kuwasomea karatasi na kuwasainisha. Saini inathibitisha kwamba mtu alikuwepo. Mfundishe kwenye mashine yenyewe, kisha mwambie, "Haya, nionyeshe." Azime mbele yako, afunge, ufunguo autie mfukoni, apime, ajaribu kuwasha ili ahakikishe haiwaki. Asiyejua kusoma atafanya sawa na anayejua. Fanya hivyo Septemba, kabla ya deiwaka wa korosho kumiminika, na kila mtu mpya apitie siku yake ya kwanza kabla hajashika kitu. Msimamizi apimwe kwanza, mbele ya walio chini yake, kwa sababu vijana hufuata anachofanya yeye.

Kuna kikwazo kimoja cha kwetu ambacho vitabu vya usalama vya nje havikitaji: heshima. Kijana wa miaka kumi na tisa atamwambiaje mzee aliyemleta kazini kwamba hajafunga swichi? Atanyamaza. Kikwazo hiki hakiondoki kwa hotuba. Kinaondoka kwa mwenye mali kuweka desturi mbele ya wote kwamba akisema mtu yeyote "simama", kazi inasimama, na yeye mwenyewe kuwa wa kwanza kusimamishwa. Kijana aseme, "Shikamoo mzee, samahani, kufuli halijawekwa." Mzee ajibu, "Marahaba, ahsante mwanangu," aweke kufuli, basi. Ikitokea hivyo mara moja hadharani, imefundisha zaidi ya semina.

Sasa kumwokoa mwenzako: mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima kwanza. Kama swichi iko mbali na ni umeme wa kawaida wa volti 230, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Kama ni waya wa njia kubwa ulioanguka, hapo mti hausaidii. Kaeni mbali, angalau mita kumi, zuieni watu na mifugo, pigieni TANESCO. Aliyetoka kwenye umeme asipopumua, mlaze chali kwenye ardhi ngumu, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka apumue au afike mtaalamu. Wapo wanaokimbilia maziwa, na wapo wanaomfukia mtu mchangani ili "umeme utoke". Umeme haubaki mwilini. Kinachopotea hapo ni dakika zake. Na aliyezinduka akasema yuko sawa apelekwe hospitali vilevile, Ruangwa au Nachingwea, kwa sababu umeme huunguza ndani na kuvuruga mapigo ya moyo bila kuacha zaidi ya kidonda kidogo kwenye kidole. Mkojo ukigeuka rangi ya chai nyeusi, daktari aambiwe mara moja.

Baada ya ajali mashine isitengenezwe haraka haraka ili kazi iendelee. Iachwe ilivyo, ipigwe picha, OSHA wapewe taarifa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, hutegemea mwajiri atoe taarifa ndani ya siku saba. Wengi hufikiri mfuko huo ni wa wenye mikataba ya kudumu. Kibarua naye ni mfanyakazi. Ugumu huja pale ambapo hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba alikuwa kazini: analipwa mkononi jioni, jina lake linajulikana kwa utani tu, na mwajiri mwenyewe hajajisajili. Daftari la kaunta linatosha kuanzia. Asubuhi, kabla ya wenzo kupandishwa, msimamizi aandike jina kamili, tarehe, mashine aliyopangiwa, na kama ameshaonyesha kuzima na kufunga. Asiyeonyesha abebe magunia siku hiyo.